Mkono wa Rénovat na Jenereta Mbili

Hebu mwone Rénovat akiingia kibanda cha jenereta pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, sikio likitangulia mwili. Tangu atoke Burundi ameishi kwa sikio hilo: mashine ya kusaga ikiwashwa sokoni, injini huguna, naye huongeza mafuta kwa mkono kabla taa hazijafifia.

Sasa jenereta yake imeunganishwa na ya kijiji jirani cha Rwekubo, na kifaa kimoja kinazipangia ipi iongeze mafuta na ipi ipunguze. Jana injini iliguna, Rénovat akaongeza, na kifaa kikaongeza. Mwanga ukazidi, wote wawili wakapunguza. Taa zikayumba hivyo hivyo mpaka balbu za dukani kwa Marcienne zikaungua.

“Rénovat, unanichomea duka?” Marcienne alipiga kelele.

Swaib, fundi kutoka Mbarara, alikuja mbio. “Mzee, wewe na hii kifaa munapigana ndani ya injini moja! Ukigusa tena, nakutoa hapa kabisa.”

“Na ikichelewa kuongeza mafuta, shefu?”

“Wacha ichelewe kidogo. Itafika.”

Leo Rénovat anakaa, anasimama, anaukalia mkono wake. Sokoni mashine inawashwa. Injini inaguna, inazidi kuguna. Wewe ungeweza kuendelea kuukalia?