Sikai

Wenzake chuoni walimwita Kichwangumu, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa mhadhiri wa saikolojia. Tangu dada yake, muuguzi hodari, aache kazi akidhani anarukwa na akili, alishikilia swali moja tu: kwa nini wanawake wengi husahausahau hedhi inapokaribia kukoma?

Siku ya kutetea pendekezo la utafiti wake mbele ya jopo la kuuidhinisha, katikati ya maelezo, neno likamtoka kichwani. Akalitafuta, wapi! Joto likampanda usoni, jasho likamchuruzika shingoni.

Mwenyekiti akatabasamu. "Keti upumzike, mama. Umri nao una mambo yake."

"Sikai," akajibu. "Dada yangu naye aliambiwa akapumzike. Yuko nyumbani mpaka leo, na wagonjwa wamemkosa. Laiti angeambiwa kwamba hali hii inajulikana, na kwamba kwa wengi hupungua, angekuwa wodini sasa hivi. Neno limenitoka, akili ninayo."

Akaendelea wima, akilizunguka neno lile kwa maneno mengine, hadi akamaliza.

Jopo likaahirisha uamuzi. Yeye hakungoja. Aliazima stoo nyuma ya maktaba, akapangusa vumbi, akaingiza viti viwili, kisha akampigia dada yake simu aje awe wa kwanza kuhojiwa.

"Na nikisahau kuja?" dada akauliza kwa uchungu.

"Nitakufuata hukohuko. Safari hii hakuna wa kukupumzisha, dada yangu."

Dada akacheka, kisha akauliza ni basi gani linapita chuoni.