Nilivyojikondesha ili Nipate Timu

Nilikuwa na miaka thelathini na saba kiwanda cha kahawa cha Bukoba kilipokataa kuniongezea mkataba. Siku hizo mchezaji wa mpira wa kikapu hakulipwa kwa kucheza. Alipewa kazi, nyumba, na ruhusa ya kwenda mazoezini saa tisa. Mimi niliandikwa karani, lakini kila mtu alijua kazi yangu ilikuwa usenta, kusimama chini ya kikapu. Goti lilikuwa halijapona tangu nilipoliumiza vitani nikiwa mgambo.

Meneja hakunifukuza. "Mzee, uwanja umetosha," aliniambia. "Stoo ya magunia ina nafasi. Nakupa mwezi mzima ufikirie; ukikubali, utabaki na nyumba yako."

Nikamjibu, mbele ya vijana wa timu, kwamba sikuzaliwa kulinda magunia.

Nilikuwa nimesikia kwamba Muleba kuna ofisi inayounda timu na inatafuta senta mzoefu. Nikaacha pombe ya rubisi, nikala mlo mmoja kwa siku, na kila alfajiri nikakimbia kutoka kwetu Hamugembe kuelekea Kanazi mpaka goti likatae. Mke wangu alinikuta nikitoboa tundu jipya kwenye mkanda.

"Baba watoto, wenzako wanaficha kukonda, wewe unakutafuta?"

"Nataka wepesi."

"Wepesi gani? Kila Jumamosi tunazika watu wepesi."

Nilimcheka.

Kule Muleba, kwenye majaribio, nilicheza vizuri. Nilifunga kuliko vijana wote, na goti lilistahimili. Lakini hakuna aliyeshangilia. Nilipoinama kuvuta pumzi, mtu mmoja pembeni alipaza sauti: "Mpeni kiti, Juliana asije akamdondosha!" Ndivyo tulivyouita ugonjwa ule wa kukonda uliokuwa ukiua watu, kwa jina la mashati ya magendo yaliyotoka Uganda. Watu wakacheka, kisha wakageuza nyuso. Karibu kila mmoja wao alikuwa ameshazika mtu wake.

Kikombe cha maji kilizunguka. Zamu yangu ilipofika, nahodha alinichotea kwa kikombe kingine, akaniambia nibaki nacho.

Mkuu wa ofisi akanishika bega. "Kaka, mpira unaujua. Sasa nenda nyumbani, ule vizuri."

"Mimi si mgonjwa. Nimejikondesha makusudi."

"Mdogo wangu naye alisema ni mazoezi," akanijibu kwa upole.

Nilirudi Bukoba, nikaenda moja kwa moja kwa meneja kuomba ile stoo. Mwezi wangu ulikuwa haujaisha. Alitazama kola ya shati ilivyonipwaya shingoni. "Stoo inataka mtu wa kudumu," alisema, macho yake yakiwa mezani.

Mwezi ulipoisha nyumba ikachukuliwa, tukahamia kwenye kibanja cha baba, shamba lake la migomba kule Kanazi. Majirani walileta ndizi zilizopikwa na maharage, wakaweka mlangoni na kumpa mke wangu pole kwa sauti ya chini. Nilikula zote. Baada ya miezi mitano nilikuwa na tumbo, nikapanda basi kwenda kiwandani ili wanione. Mlinzi wa getini aliruka kutoka kwenye stuli yake.

"Wewe! Si tulisikia umekufa?"

Stoo ilikuwa imeshapata mtu, na katika nyumba yangu walikaa wengine. Nikarudi kumwambia mke wangu kwamba hatutahama tena Kanazi, na kwamba kosa lilikuwa langu. Aliendelea kumenya ndizi.