Gari Iliyopiga Klaksoni Yenyewe Katikati ya Misa

Jumapili ile, siku sita kabla ya harusi ya dada yangu, gari yangu ilipiga klaksoni yenyewe katikati ya misa.

Hapana mutu ndani. Milango imefungwa. Funguo iko mufukoni mwangu.

Tulikuwa tunaombea wagonjwa. Kanisa kimya, hata watoto wamenyamaza. Mara, huko nje: pîîîp! Abbé, padri wetu, akaendelea. Pîîîp! Abbé akasimama. Ya tatu ilikuwa ndefu, kama mutu amelalia usukani.

"Mwenye gari nyeusi," Abbé akasema polepole kwenye mikro, "aende aiambie misa haijaisha."

Kanisa zima likanigeukia. Nikatoka nimeinamisha kichwa, lakini siwafichi: ndani ya moyo nilifurahi kidogo. Sasa parokia yote ilijua gari nyeusi ni ya nani.

Nikaikuta bado inalia. Na vioo vyote vine vinashuka vyenyewe, taratibu, kwa adabu.

Bon. Nianzie mwanzo.

Naitwa Noël. Hapa Kisangani wengi wananijua, maana miaka tisa nilikuwa mutu wa toleka. Baiskeli, kiti cha nyuma chenye kitambaa, na mimi mbele nakanyaga na wimbo mudomoni, nabeba mama na gunia lake kutoka Mangobo mpaka soko. Nimepigwa na jua, nimepigwa na mvua, nimepigwa na mama mumoja aliyesema nilipita shimo makusudi. Kisha nikaingia biashara ya muchele wa Isangi. Mungu akanigeuzia uso.

Nikanunua gari.

Si gari ya kubeba muchele. Gari ya wakubwa! Ya Ulaya, viti vya ngozi, mbao inang'aa kwenye tableau mbele ya usukani, na kitufe cha kupasha kiti moto. Kupasha kiti moto, hapa kwetu, mahali ambapo hata kiti cha plastiki kinakutoa jasho.

Aliyeniuzia ni Tonton Emile, anayeleta magari kutoka Kampala. Kilometa: elfu makumi tatu na nane.

"Tonton, hizi kilometa ni za kweli?"

"Noël, hii gari ilikuwa ya kizee moja ya kule. Ilikuwa inaenda ku pharmacie na kurudia nyumba, ni ile tu. Na toka Kampala niliipandisha juu ya camion. Haiyakanyaga hata matope ya Nia-Nia!"

Ilikuwa na shida ndogo-ndogo tu. Taa ya ndani imeungua. Essuie-glace, ile fimbo ya kupangusa kioo, inalia kama bata. Kioo kimoja cha nyuma kinapanda kwa kubembelezwa. Arsène, fundi wangu wa Simi-Simi, mutu asiyecheka bure, alimaliza yote mchana mumoja.

"Sasa iko muzima, patron," akasema. "Usiiguse-guse."

Mimi nisiiguse gari yangu?

Haraka ya gari ilitoka hapa: dada yangu mudogo, Falonne, alikuwa anaolewa na René. Familia ya René ni watu wa bureau, wa ofisi. Baba directeur, mama directrice, hata mbwa wao nadhani anabweka Kifaransa. Siku walipoleta mahari, mumoja wao aliniuliza, na tabasamu, kama bado naendesha toleka.

Nikajibu: "Siku ya harusi mutaona Falonne anashuka ndani ya nini."

Neno likishatoka mudomoni, utalikimbilia na nini? Nikabaki na wiki sita.

Wiki ya pili, essuie-glace ikaanza kupangusa jua. Arsène akaitengeneza.

Wiki ya tatu, buti ikajifungua kwenye rond-point, pale magari yanazungukia, mananasi yakatawanyika barabarani, watu wa toleka wakanisaidia kuyaokota. Si yote yalirudi. Arsène akatengeneza.

Wiki ya ine, kiti cha mbele kikawaka moto na kikakataa kuzimika. Aliyekuwa amekikalia ni Tantine Germaine, dada wa marehemu mama yetu, aliyetoka Yanonge kwa ajili ya harusi. Alivumilia njia nzima akidhani ni tension ya damu yake imepanda. Kisha akapiga kelele:

"Simamisha! Mulozi ananikamata huku chini!"

Tulipofika nyumbani hukumu ya uchawi ilikuwa tayari. "Kile kizee cha kule kilikufa," akasema. "Mutu anatembea kilometa kidogo namna ile, atakufa na amani? Safari zake zimebakia humu ndani." Akafunga kula siku tatu kwa ajili ya gari.

Mimi nilicheka. Lakini jambo moja lilinisumbua: ugonjwa ulikuja Jumapili ao Jumatatu. Arsène anatengeneza, gari inakuwa malaika mpaka mwisho wa wiki, kisha inageuka tena. Nikaanza kumwangalia Arsène na jicho la pembeni. Mbona dawa yake haimalizi juma?

Kisha ikaja ile klaksoni ya misa. Jumatatu Arsène akaituliza.

Ijumaa mchana, kesho yake harusi, gari ilikuwa nzima kabisa. Nikaiteremsha mutoni Tshopo, nikaiosha kama kawaida yangu ya kila Jumamosi, ila siku moja mapema, ndani na nje, Falonne akalie pahali safi. Iling'aa mpaka vijana wa toleka walisimama kuitazama.

Jumamosi asubuhi, misa ni saa tano. Saa moja nikazungusha funguo.

Kimya. Tableau nyeusi. Hata ile klaksoni ya kiherehere, kimya.

Arsène akaja mbio. Akatoa kiti cha mbele, akanyanyua tapis, zulia ya chini, akaniita bila kupaza sauti.

"Patron, kuya uone."

Chini ya tapis mulikuwa maji. Si unyevu, maji! Na muchanga wa muto. Na katikati, kama mutumbwi uliozama, kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo.

"Hii ni calculateur," akasema. "Ubongo ya gari. Wenye kuitengeneza waliiweka hapa, mu miguu ya mutu."

Damu ikanipanda. Muchanga! Gari ilizama! Ndiyo maana kilometa ni kidogo: ilikuwa chini ya maji, ingetembea wapi?

Nikakamata simu, nikaingia groupe WhatsApp ya wenye magari wa Kisangani, watu zaidi ya mia mbili, nikatuma sauti ya dakika tatu. Nikamwita Emile muuza maiti. Nikaongeza kwamba Arsène ndiye anayemuogeshea maiti zake. Arsène alikuwa pembeni yangu, bisibisi mukononi, anasikiliza mpaka mwisho.

Emile akafika juu ya pikipiki, shati haijafungwa vifungo. Nilingojea matusi. Hakutukana. Akainama, akachovya kidole ndani ya yale maji, akanusa. Akampisha Arsène. Arsène akanusa, akanipisha mimi.

Yalinukia limau. Na yalikuwa na povu kidogo.

"Noël," Emile akauliza kwa upole, kama daktari, "weye unasafishaka gari namna gani?"

"Kama batu bote."

"Onyesha."

Nikakamata ndoo. Nikafungua mulango wa kushoto na wa kuume. Nikaeleza: unamwaga sabuni chini, unarusha ndoo ya kwanza, maji yanaingia huku yanatokea kule. Unarusha ya pili. Ya tatu. Ndivyo tulivyoosha toleka miaka yote: unaitumbukiza mutoni mpaka kwenye kiti, unasugua, unaitoa, inang'aa, kwisha.

"Ndoo ngapi?" Arsène akauliza.

"Kumi. Saa ingine kumi na mbili."

Emile akakaa juu ya jiwe, akafunika uso. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Tantine Germaine, aliyekuwa mulangoni, akapiga makofi mara moja. "Nimefunga siku tatu nafukuza kizee ya watu bure, kumbe mulozi iko na ndoo!"

"Itapona?" nikamuuliza Arsène.

"Ikikauka. Jua haitoshi. Inaomba hewa ya moto, polepole, saa nzima."

Hewa hiyo niliijua pahali pamoja tu: chini ya casque ya kukausha nywele, kwa Micheline anayesuka. Na chini ya casque hiyo, asubuhi hiyo, alikuwa amekaa bibi harusi.

Tuliingia, Arsène ameibeba calculateur ndani ya taulo kama mutoto mchanga. Saluni imejaa wanawake, pamoja na dada wawili wa René.

"Yaya, kuko nini?" Falonne akaniuliza mimi yaya yake, kaka mukubwa.

Nikaeleza. Nilidanganya kidogo. Arsène akakohoa. Nikaeleza tena, sasa ukweli.

"Yaya, casque iko moja. Kichwa yangu ao kichwa ya gari?"

"Falonne, niliahidi..."

"Uliahidi ile famille ya René. Miye sikukuomba gari. Nilikuomba unishike mukono, unipeleke ku kanisa. Kwa miguu ningeenda."

Nikamuonyesha Arsène mulango, turudi.

"Ngoja," Falonne akasema. Kisha akatoka chini ya casque, nywele zinadondoka maji.

"Weka yako. Lakini ile sauti ya groupe, ilishafika huku, uijibu sasa, hapa mbele ya bamama. Na jina yako yote."

Nikasimama katikati ya saluni, simu mudomoni. Nikasema Emile aliniuzia gari kavu. Nikasema Arsène ni fundi na ni mutu. Nikasema aliyezamisha gari ni mimi, Noël, kwa sabuni ya limau. Dada za René walichukua video. Bila shaka walichukua.

Jibu la Emile likaingia: sauti ya sekunde makumi ine, kicheko tu, mwanzo mpaka mwisho.

Calculateur ilikaa chini ya casque saa nzima, yenye heshima zake, wanawake wakiizunguka. Arsène akairudisha. Gari ikawaka.

Falonne akaingia na voile, ile shela ya bibi harusi, juu ya nywele mbichi. Matone yakaanza kudondoka juu ya ngozi ya kiti. Nikafungua mudomo. Arsène akanishika bega.

"Hayo mayi, patron, acha."

Nikaacha. Tukafika dakika tano kabla ya saa tano. Nikamshika mukono, nikamtembeza mpaka kwa René. Mama directrice akaniinamia sikioni, mupole kabisa:

"Gari nzuri, Papa Noël. Imekauka?"

Siku hizi Arsène ndiye anayesafisha gari yangu, kwa kitambaa. Mimi ananikalisha mbali na bomba.

Donc, ndugu zangu, mukinunua gari ya kilometa kidogo, muchunguze injini, muchunguze matairi, hata muuzaji mumuchunguze. Lakini kabla ya kutuma sauti, muulize na mikono yenu ilifanya nini Jumamosi. Mimi nilimtafuta mulozi Ulaya, nikamtafuta Kampala, nikamtafuta Simi-Simi. Kumbe alikuwa nyumbani kwangu, anauliza nani amekamata sabuni yake.