Bada kwa Mkono wa Kushoto

Mwalimu wetu pale Pangani, miaka ya hamsini, alikuwa na ustadi mmoja mchafu: alichapa mkono wa kulia tu. Hakutaka makalio wala mgongo. Alingoja kengele ya chakula ikaribie, akakupiga kiganjani kwa ufito wa mkwaju mpaka vidole visikunjike, ndipo akatutoa uani kwenye masinia ya bada, ule ugali wa muhogo, na samaki. Naye Mwislamu kama sisi. Alijua vizuri mkono wa kushoto kwetu ni wa kazi gani, na alijua tumetoka majumbani na chai kavu tumboni. Basi huyo, anavuta kiti, anakaa kututazama. Mtu mzima hovyo. Nikimkumbuka hata leo roho inanichafuka.

Siku yangu ilipofika, wenzangu walinifukuza siniani.

"Toa huko mkono wako wa chooni," alisema niliyekaa naye dawati moja, na wote wakacheka. Nikamegewa bada kwenye jani la mgomba, nikaenda kukaa peke yangu ukutani.

Sasa nimezeeka, naandika riwaya ya zama za Wajerumani. Mwalimu nimemvika kilemba, nimemfanya akida wa Wajerumani anayesimamia vibarua kwenye shamba la mkonge. Mimi nimejigeuza kibarua kijana. Kijana anachapwa kiganja, anawekewa chakula, anakisukuma kwa mguu huku akimkazia akida macho. Ukurasa ule niliuona mzuri kweli, nikampelekea dada yangu asome.

"Huyu mbona hakula?" akaniuliza.

"Ana heshima zake."

"Heshima, na njaa ile? Si mimi niliyekumiminia maji jioni ile ulipochapwa, wewe unausugua mkono wa kushoto kwa majivu na ndimu mpaka ukachubuka? Unalia, huku unaniambia bada ilikuwa tamu."

Nilirudi mezani nikausoma tena ukurasa wangu. Loo, ulinitia kinyaa kuliko mwalimu mwenyewe. Yule kibarua na macho yake makavu hakuwahi kushinda na njaa hata siku moja.

Nikauchana. Nikamwandika upya, nikamfanya ale kwa kushoto, ale mpaka alambe vidole, na akida yuko kitini anamtazama. Bada ile ilikuwa tamu kweli. Hilo ndilo ambalo sitamsamehe mwalimu.