Gitaa la Restuta Halichomwi

"Halichomwi," alisema Restuta, akalipakata gitaa kama mjukuu aliyenyimwa uji.

Mzee Joshua, mzee wa kanisa pale Gulwe, hakuona cha kubishania. Moto ulishawaka uani, nje ya kanisa walimosimama kabla ya ibada. Wenzake Restuta aliobatizwa nao walikwishaleta hirizi na vibuyu vya waganga, vikateketea. Lilibaki gitaa lililochezesha walevi miaka arobaini. Asipolichoma, leo haimbi ibadani. Na kuimba ibadani ndicho alichokitaka Restuta tangu usichana wake.

Kwao zeze, na chochote chenye nyuzi, hupigwa na wanaume. Wanawake wana ngoma zao. Restuta hakusikia hilo. Akiwa mchunga mbuzi alinyofoa waya za simu kwenye nguzo za reli, akazikaza juu ya kopo la mafuta, na siku hiyo treni ilisimama stesheni hadi adhuhuri. Dereva hakulalamika, alishuka akacheza. Kwaya ikamkataa: mwanamke na nyuzi, wapi na wapi? Vilabu vya pombe vikampokea, na kwa malipo ya kwanza akanunua gitaa hili la mbao. Akaimba kutoka Zuzu hadi Mpwapwa, na kila wimbo akiufunga kwa ubeti mmoja wa Mungu, polepole, walevi wakidhani anakohoa.

Siku ya ubatizo alizama mtoni na gitaa mgongoni. Likavimba kama mbuzi mwenye mimba. Lilianikwa wiki tatu juu ya paa la tembe, kuku akaatamia humo, akatotoa vifaranga kumi na mmoja, wote wakilia kwa sauti nne.

"Limebatizwa kama mimi," alisema Restuta sasa.

Mzee Joshua akamjibu kwamba mbao haziokoki, na kwamba gitaa lile limelewesha nusu ya wilaya.

"Gitaa hili halijaonja hata tone, Mzee. Aliyekunywa ni mimi. Kama ni kuchoma, anzeni na koo langu, kisha mtafute la kuimbia."

Mzee wa pili wa kanisa, aliyesimama kando ya Joshua, akageukia dirishani kuficha kicheko. Joshua akawaka. Akamwambia basi arudi kilabuni kwa Angelina, ndiko waliko wasikilizaji wake, hapa hana hata mmoja, na tena—

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Angelina mwenyewe, amevaa kitenge kipya, nyuma yake wateja wanne walionyoa ndevu.

"Shikamoo, Mzee. Kilabu nimekifunga leo, tumesikia Restuta anaimba. Tukae upande gani?"