Ubavu Mweusi wa Lori la Baba

Jirani yangu anatengeneza sabuni za mche. Kila anapomimina kostiki kwenye ndoo ya maji, mvuke mkali huvuka ukuta na kunikwaruza kooni, nami siwezi kuendelea kukaa. Nainuka, nazunguka uwanjani, naokota vitu visivyohitaji kuokotwa. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba harufu ile hunirudisha nyumbani kwetu Mkolani, kwenye Jumamosi moja nikiwa na miaka kumi.

Baba alikuwa dereva wa lori la samaki. Nyuma lilikuwa na bodi ya alumini iliyofunikwa pande zote kama kabati kubwa, na kazi yake ilikuwa kufuata sangara ng'ambo, upande wa Sengerema, kuwavusha kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo, na kuwafikisha mjini kabla barafu haijayeyuka. Daraja lilikuwa bado. Lori lenyewe lilikuwa mali ya mzee mmoja wa Kihaya tuliyemwita Tajiri, kama madereva wanavyomwita kila mwenye gari. Lakini lilikuwa likilala uwanjani kwetu, na Baba alilitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa mahari. "Gari ni uso wa dereva," alikuwa akisema, na asubuhi hakunywa uji kabla ya kulizunguka mara moja.

Likizo ile alikuwa ameanza kunichukua safarini. Utingo wake, msaidizi wa garini, alikuwa ameacha kazi ghafla, na Baba akasema anataka mtu wa kupiga naye soga. Soga zenyewe zilikuwa za ajabu. Tukikaribia kivuko alikuwa ananiuliza, "Kabula, yule bwana pale mbele anatupungia mkono gani?" Mimi napaza sauti, "Kulia, Baba! Sasa kushoto! Anasema simama!" Niliuona mchezo mtamu kuliko yote duniani. Siku moja niliangalia ndege badala ya mkono wa yule bwana, na tairi la mbele likapanda ukingo wa mlango wa kivuko, watu wakapiga kelele. Baba alicheka, kicheko kikubwa mno kwa jambo dogo kama lile. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola.

Tangu siku ile hakutulia tena. Akikaa anasimama, akisimama anatoka nje, akitoka anarudi kuuliza alichokuwa anatafuta. Mama naye alikuwa anasonga ugali huku akimtazama mgongoni. Nami niliambukizwa. Mama aliniuliza kama nimekalia siafu.

Ndipo Tajiri alipotuma habari kwamba Jumatatu wanunuzi wa samaki watakagua magari yote. Gari chakavu hawatalipokea. Na bodi ya lori letu, wenzangu, ilikuwa imechakaa kweli. Chumvi, damu ya samaki na vumbi la barabara vilikuwa vimeifubaza hadi ikawa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Jumamosi Mama alikwenda gulioni kuuza sabuni alizotengeneza mwenyewe. Baba akatoa ndoo za maji, sabuni ya unga, malimao nusu gunia na stilwaya za kusugulia sufuria. Akanionyesha: kwanza unaosha, kisha unapaka maji ya limao, unasubiri kidogo, unasugua kufuata mstari mmoja bila kuzungusha mkono, unasuuza, unakausha kwa kitambaa. Polepole alumini ilianza kufunguka. Kipande cha kwanza kiliponing'aria nikaona uso wangu, mpana kama chapati, nikacheka peke yangu.

Lakini limao ni kazi ya subira, nami subira sikuwa nayo. Kufikia saa nne vidole vyangu vilikuwa vinawasha na tulikuwa hatujamaliza hata robo ya ubavu mmoja. Nilimtazama Baba anavyosugua, anasimama, anapapasa kwa kiganja, anasugua tena palepale palipokwisha kung'aa. Nikaona kwa mwendo huu Jumatatu itatukuta hapahapa. Alipoingia ndani kunywa uji nikakumbuka kostiki ya Mama. Mafuta yote yanaishia humo, nilijiambia, sembuse uchafu huu. Mama alikuwa ametukataza kuigusa, kwa hiyo nilivaa glavu zake. Nikakoroga kwenye kopo, nikapaka kwa brashi ubavu wa upande wa pili, kuanzia chini hadi mkono wangu ulipofika.

Alumini ilichemka. Ilitoa povu na mlio kama mafuta yanapopokea dagaa wabichi, na moshi ukanipanda puani. Nikachukua ndoo nikamwaga maji, nikamwaga tena. Povu lilipoondoka nikaona nilichofanya. Ubavu wa lori ulikuwa mweusi. Mweusi kama kitako cha sufuria ya kuni, na mabaka yake yamechuruzika hadi chini.

Baba akatoka akifuta midomo. Nikaficha brashi mgongoni. Akaja hadi pale, akasimama hatua mbili kutoka kwenye ule weusi, akautazama wote. Kisha akatabasamu.

"Umemaliza huku? Safi sana, mwanangu. Panang'aa."

Akanipita, akaokota limao.

Nilidhani ananikejeli. Lakini Baba hakuwa mtu wa kejeli. Nikamfuata, nikarudi, nikamfuata tena. Ningeweza kunyamaza, maana nilikuwa nimeshasamehewa kabla ya kuungama. Badala yake nikamvuta shati.

"Baba, pale hapang'ai. Pamekuwa peusi."

"Wapi?"

"Pote pale. Nimepaka kostiki ya Mama."

Alirudi. Akasogeza uso hadi pua yake ikakaribia kugusa bodi, akaenda hivyo taratibu kutoka mwanzo wa ubavu hadi mwisho, kama mtu anayenusa. Halafu akaketi kwenye ngazi ya lori.

"Peusi kama nini?"

"Kama kitako cha sufuria."

Akafikicha macho.

"Mimi nimepaona peupe," akasema.

Hakunipiga, wala hakuniuliza habari za kostiki. Tulisugua hadi alasiri kwa msasa laini na malimao yaliyobaki, na weusi ukapungua, ukawa wingu la kijivu lisilotaka kuondoka. Kisha akaoga, akavaa shati la kanisani, akampigia Tajiri simu. Nilimsikia akisema, "Njoo uchukue gari, mzee. Na uje na dereva."

Tajiri alifika kabla jua halijazama. Nikamwamkia shikamoo, hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye lile wingu.

"Nani ameharibu hapa?"

"Mimi," Baba akajibu.

Lori likatoka uwanjani likiendeshwa na mtu mwingine. Mama aliporudi akakuta alama za matairi tu. Wakaongea ndani kwa Kisukuma, sauti za chini, kisha nikamsikia Mama akilia. Nikajua nimemfukuzisha baba yangu kazi.

Nilikaa na kosa hilo miaka kumi na mbili. Katikati ya miaka hiyo Baba alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho moja likapona vizuri, akapata kazi ya kupokea mizigo kwenye kiwanda cha barafu. Hakuendesha tena. Siku moja nimetoka chuo, tunachambua maharage barazani, nikashindwa kuvumilia. Nikamwomba radhi kwa kazi niliyompotezea.

Aliacha maharage, akanitazama kwa lile jicho zima.

"Nani alinipotezea kazi? Wiki ile pale Busisi mama mmoja alipita mbele ya lori amebeba mtoto mgongoni. Sikumwona, Kabula. Nilisikia tu watu wakipiga ukelele, nikafunga breki, akaponea chupuchupu. Kila siku nikawa nasema kesho nitaacha. Utingo alikuwa anajua, akakimbia. Mama yako alikuwa anajua, akaogopa kuniaibisha. Nilikuwa nangoja mtu aniambie kwamba sioni."

Kumbe jioni ile Mama alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilikuwa nikidhani ni kwa uchungu.