Landrova Iliyomtaka Mwenyekiti Nyuma

Ngu-ngu-ngu-ngu! Mlio ule bado nausikia kwenye meno.

Wiki jana niliinua Landrova ya kikundi chetu cha kununua mashamba kwa springi ndefu, nikaapa kwamba matope ya Ainabkoi hayatatuweza.

Leo tukaenda kukagua shamba la mzungu anayehama. Kutoka tu Eldoret, gari likaanza kutetemeka.

Mzee Njoroge, mwenyekiti wetu mnene, alikuwa mbele. Cheo ni cheo.

“Msichana, umeharibu gari! Kesho tunatafuta dereva mwingine.”

Dereva ni mimi. Jamani, niliumia.

Nikaingia uvunguni. Propela, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeinama kupita kiasi kwa sababu ya springi zangu. Nyuma palihitaji uzito wa kuzishusha.

“Mzee, naomba ukae nyuma.”

“Mimi? Nikae kama gunia?”

“Panda, mwenyekiti,” Mama Wambui, mwanachama mwenzetu, akacheka, “shamba litanunuliwa na wengine!”

Akapanda. Gari kimya mpaka Ainabkoi!

Aliposhuka akawatangazia wanachama, “Mmeona? Gari linanitambua. Msichana, kesho uje mapema.”

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi, tuliporudi, nilichukua spana. Springi ndefu nimeshazifungua na kurudisha za zamani, maana siwezi kumfanya mwenyekiti mzigo kila safari.